Bibi Vigae na Mtungi wa Ukungu

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimejua nina watu. Mwenye kikohozi akohoe amalize. Mwenye choroko za kuchambua achambue, mikono ifanye kazi, masikio nipeni mimi. Na wewe Mashavu, usiniambie hadithi za mchana zinaotesha mkia. Nimesimulia mchana tangu nina meno yote, na nyuma yangu hakuna kitu.

Zamani sana, kabla babu wa babu yenu hajaota jino, ng'ambo ya bahari nyingi, kulikuwa na nchi ya Wayunani. Nchi ya mawe, mbuzi na mizeituni. Watu wale walikuwa na miungu yao, mingi, ikikaa juu ya mlima mrefu ndani ya mawingu. Ikila, ikigombana, ikichungulia chini. Msije mkanishitaki kwa shehe wala kwa padri. Mimi nasimulia tu.

Basi miungu ile ilikuwa na tabia moja: ikimpenda shujaa, inamsaidia. Mmoja alipewa viatu vya kurukia angani. Mwingine akapewa kofia, akiivaa haonekani. Mwingine akapewa ngao inayong'aa hata ukijitazama unahesabu kope zako. Habari zikaenea kila kijiji. Kila kijana mwenye ndevu tatu akawa anatembea anatazama juu, anangoja viatu vyake vishuke.

Katika nchi ile palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Jina lake limepotea. Vyungu, mitungi, mabakuli, vyote vilitoka kwao. Na wafinyanzi wana sheria. Mimi mwenyewe nimefinyanga, naijua. Vyombo vikichomwa, tanuri halifunguliwi. Siku ya kwanza halifunguliwi. Siku ya pili halifunguliwi. Siku ya tatu weka kiganja ukutani. Kama pamepoa, fungua.

Mle kijijini alikuwamo bibi kizee, jina lake Mirina. Lakini nani alimwita Mirina? Walimwita Bibi Vigae. Kisa? Alipokuwa msichana alifungua tanuri siku ya kwanza. Hamu tu! Alitaka kuona mitungi yake imeivaje. Upepo wa baridi ukashuka mlimani, ukaingia ndani.

Ta! Ta! Tatata!

Mitungi arobaini ikawa vigae. Mama yake akamchapa, kijiji kikampa jina, na jina likakaa miaka sitini. Alipopita, watoto walimwimbia. Mwenyewe aliitika na kwenda zake.

Bibi Vigae alikuwa na mjukuu mmoja tu, Damoni, mtoto wa marehemu binti yake. Kijana mrefu, mkali kidogo, ila moyo wake safi. Yule bibi hakuwa na mwingine duniani. Kwa utani wa bibi na mjukuu alimwita "mume wangu", na Damoni alikuwa akiona haya mbele ya wenzake.

Na Bibi Vigae alikuwa na desturi yake. Mgeni akifika mlangoni, awe nani, atoke wapi, haulizwi kitu. Bibi alisema hivi:

"Kwanza miguu, kisha tumbo, jina baadaye."

Semeni nami. Kwanza?

Miguu!

Kisha?

Tumbo!

Jina?

Baadaye!

Ehee. Alikuosha miguu, akakulisha, ndipo akakuuliza unaitwa nani. Damoni alikuwa akinung'unika, "Bibi, siku moja utamwosha mwizi." Bibi akamjibu, "Na mwizi ana miguu."

Mwaka mmoja likaja joka.

Kijiji kilikuwa na chemchemi moja, moja tu. Joka likateremka kutoka milimani, kwaru! kwaru! kwaru! Likajizungusha kwenye chemchemi mara tatu, likalala. Mgongoni magamba meusi, kila gamba ukubwa wa sahani. Akija mtu na mtungi wake, joka linainua kichwa.

Fuuuu! Moto.

Siku ya kwanza watu walikimbia wakicheka. Siku ya kumi hakuna aliyecheka. Udongo haukandiki bila maji. Mbuzi wakaanza kuanguka. Watoto midomo ikapasuka, wakaacha hata kulia.

Mkuu wa kijiji, Bwana Stratoni, mtu wa tumbo na maneno, akaitisha mkutano. Wakapiga kura nani aende. Kura ikamwangukia Pamfilo. Pamfilo akaenda alfajiri, joka limelala, umande umelilowesha mgongo mzima. Akatupa mkuki. Kacha! Mkuki ukavunjika. Joka likaamka. Pamfilo hakurudi.

Kura ya pili ikamwangukia Zopiro. Naye akaenda alfajiri, na shoka. Kacha! Shoka likavunjika. Zopiro alirudi mbio, hana shoka, hana nyusi.

Kura ya tatu... mnajua wenyewe. Damoni.

Bibi Vigae aliposikia alikaa chini palepale alipokuwa, na udongo mikononi. Hakulia mbele za watu. Aliufikicha ule udongo mkavu mpaka ukawa vumbi.

Bwana Stratoni akasimama. "Jamani, hapa tunahitaji msaada wa juu! Mashujaa wote walisaidiwa, sisi tuna kasoro gani? Twendeni kilimani, tuchinje fahali, tungoje. Miungu itashuka iking'aa, itamkabidhi Damoni silaha yake, kesho joka limekwisha."

Kijiji kizima kikapanda kilimani, shingo juu. Bibi Vigae akabaki nyumbani.

"Bibi, huendi?" akauliza Damoni. Alikuwa ukumbini ananoa mkuki.

"Mgeni akija atamkuta nani?"

"Mgeni gani wakati huu!"

Mle ndani kulikuwa na mtungi mmoja mzuri, kazi ya mikono ya Bibi mwenyewe. Ndani yake yalibaki maji ya bakuli moja. Bakuli moja, basi. Yalikuwa ya Damoni, ayanywe kesho kabla hajaenda.

Jua lilipoanza kuinama, wakasikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Ajuza. Amekunjamana, amejaa vumbi, matope yamemkaukia hadi magotini, visigino vimepasuka vinatoa damu. Alikuwa amepita chini ya kilima, wakamfukuza. "Pisha, bibi, unatuzibia! Tunangoja miungu!" Macho yake yalikuwa ya kijivu, ndiyo pekee mwilini mwake yaliyokuwa safi.

"Karibu, mwenzangu," akasema Bibi Vigae.

"Miguu yangu inaniuma, dada."

Bibi Vigae akamtazama mgeni. Akatazama mtungi. Akamtazama Damoni, na Damoni ameshasimama.

"Bibi, usithubutu! Hayo ni maji yangu. Kesho naenda kufa. Nife na kiu?"

Mnaona? Si jambo dogo hilo. Nyinyi mngefanyaje? Usinijibu haraka, Shekue, nakujua ulivyo mchoyo wa maji.

Bibi akauvuta mtungi. Akasema, "Mume wangu, nisamehe. Mtu ameniambia miguu inamuuma, na maji ninayo. Nitamwambia sina?"

Akauinamisha mtungi. Gududu, gududu, yakaisha. Akapiga magoti, akaiosha ile miguu taratibu, kidole kwa kidole, akaifuta kwa kanga... kanga ninyi, wao walivaa mashuka. Akaifuta kwa shuka lake.

"Sasa pita, ukae mkekani upate kula."

Mgeni akainuka, akatembea kutoka mlangoni hadi mkekani. Bibi Vigae akatazama sakafu. Miguu ilikuwa bado na maji, lakini sakafuni hapakuwa na alama. Hata moja. Pakavu, vumbi limetulia.

Damoni naye akaona. Mkuki ukamponyoka.

 Bibi Vigae akafikiri, apige magoti tena? Apige kelele? Hapana. Kwanza miguu, kisha tumbo. Akaleta mkate mgumu na zeituni tano. Mgeni akala zote tano, mbegu akazipanga vizuri pembeni. Ndipo Bibi akauliza, "Na jina, mwenzangu?"

"Jina acha," akasema mgeni. "Niazime mtungi wako."

Sasa nisikilizeni hapa. Kijiji kile, kama sisi hapa, ukiazima chombo cha jirani hukirudishi kitupu. Sahani inarudi na maandazi mawili. Kama huna andazi, inarudi hata na chumvi. Kurudisha kitupu ni aibu ya ukoo mzima.

"Uchukue," akasema Bibi Vigae.

"Nitaurudisha. Na desturi yenu naijua."

Akaubeba kichwani, huyoo, akapotelea njiani.

Asubuhi watu wakashuka kilimani, shingo zimekakamaa, fahali ameliwa na mbwa. Hawakuona mungu hata wa dawa. Wakapita nyumbani kwa Bibi Vigae, wakauona mtungi mlangoni, umefunikwa. Wakasimama. Umbea ni umbea hata katika kiu.

Damoni akauinua. "Mwepesi huu! Mtupu!"

Bibi akaugusa. Akarudisha mkono haraka. Ulikuwa wa baridi, baridi inayouma kwenye mifupa ya vidole.

"Usiufungue," akasema.

Lakini vijana! Damoni alishainua kifuniko. Ukungu mweupe ukatoka, mwembamba, ukamwagika chini, ukatambaa sakafuni polepole mpaka jikoni. Chungu kilikuwa juu ya moto, kikavu, Bibi alikuwa anakaanga dengu chache kwa vile maji hayapo. Ukungu ukakigusa.

Ta!

Chungu vipande viwili. Dengu motoni.

Bwana Stratoni akashika tumbo akacheka. "Wenzetu walipewa viatu vya kuruka! Sisi tumepewa ukungu! Bibi Vigae, umetuongezea vigae!"

Watu wakacheka, japo midomo yao iliwauma. Damoni akafunika mtungi, uso umemshuka. "Bibi, nimekuvunjia chungu chako."

Bibi Vigae hakumsikia. Ameokota kigae, anakigeuza. Anakitazama. Bado cha moto upande mmoja, upande wa pili baridi. Mara akaanza kutabasamu. Akapiga kigelegele, ajabu! Watu wakadhani kiu imempanda kichwani.

"Pamfilo alikwenda saa ngapi?" akauliza.

"Alfajiri," wakasema.

"Zopiro je?"

"Alfajiri vilevile, joka likiwa limelala."

"Limelala na limepoa! Nyinyi ni wafinyanzi gani? Chombo kilichopoa kinapasuliwa na upepo? Lile joka ni tanuri, jamani. Ndani lina moto. Tutakwenda saa sita mchana."

"Tutakwenda?" Damoni akaruka. "Nani na nani?"

"Wewe una mkuki. Mtungi ataubeba nani?"

"Bibi, saa sita limeamka!"

"Ndiyo."

"Linatema moto!"

"Moto ndio ninaoutaka, mume wangu."

Wakaenda. Kijana mbele na mkuki, bibi nyuma na mtungi kichwani. Tiki, tiki, tiki. Kijiji kizima nyuma yao, mbali, mbali sana, kimejificha nyuma ya mawe. Bwana Stratoni jiwe lake lilikuwa kubwa kuliko yote.

Jua limesimama utosini. Mawe yanachoma. Joka limejianika juu ya chemchemi, jicho moja wazi. Likawaona.

Fuuuu!

Wakajitupa nyuma ya ukuta wa mawe kando ya chemchemi. Damoni akanong'ona, "Sasa, Bibi? Nifungue?"

"Bado." Bibi akachungulia. "Magamba bado meusi. Halijaiva."

Akasimama wima, yule kizee, akaanza kulitukana joka. Mama yangu!

"We mjusi! Mjusi wa ukutani uliyelala njaa! Watoto wetu wamekauka midomo, na wewe umekalia maji na wala huogi! Unanuka! Hata mlimani ulifukuzwa!"

Joka likainuka. Hasira zikalipanda. Moto ukalijaa tumboni, ukapanda mgongoni. Fuuuu! Nywele za Bibi zikaungua ncha.

"Sasa, Bibi?"

"Bado. Ni mekundu ya kutu."

"Bibi!"

"Bado! Nilifungua mapema mara moja nikapata jina la maisha. Mara hii nafungua wakati wangu." Akalitukana tena, matusi mengine siwezi kuyasema mbele ya Mashavu. Joka likanguruma, ardhi ikatikisika. Magamba yakawa mekundu ya damu. Yakawa mekundu ya makaa. Yakawa rangi ya papai bivu, rangi ile kila mfinyanzi anaijua, akiiona anasema, vyombo vimeiva.

"Sasa!"

Bibi Vigae akang'oa kifuniko, akaupindua mtungi.

Wuuuuu! Ukungu ukatoka, si ule mwembamba wa jikoni. Ukatoka wote. Baridi yote ya kilele cha ule mlima mrefu, baridi wanayokaa miungu, ikashuka juu ya joka. Jua likapotea. Damoni hakuona hata mkono wake. Akasikia tu.

Ta!

Ta! Ta!

Tatatatatata!

Magamba yanapasuka! Yanaanguka chini, yanavunjika, vigae juu ya vigae! Joka linalia, linajipiga, halioni kitu.

"Damoni! Fuata mlio! Ubavuni!"

Hapo miungu imeshamaliza kazi yake, wasikilizaji wangu. Hakuna mkono ulioshuka kumshikia mkuki. Damoni alikuwa peke yake ndani ya weupe, ulimi mkavu. Akapiga yowe, akakimbilia kule kwenye mlio, akasukuma kwa nguvu zote alizopewa na mama yake.

Mkuki haukuvunjika. Ukazama.

Mlio ukakatika.

Ukungu ukainuka polepole, ukapanda, ukarudi mlimani kwao. Watu wakachungulia. Wakaona lundo la vigae vyeusi. Wakaona joka limelala na halipumui. Wakamwona Damoni ameketi chini, bibi yake amemshika kichwa kifuani, wote wawili wanalia na kucheka.

"Tumeshinda, Bibi!"

"Tumeshinda, mume wangu!"

Mara hii Damoni hakuona haya.

Loo, vigelegele! Wakalikokota joka, vutaa! vutaa! Chemchemi ikapumua, bubu, bubu, bubu. Tope, kisha maji mazito, kisha maji safi. Watu wakaanza kuimba, "Bibi Vigae! Bibi Vigae!" Jina ni lilelile, lakini safari hii waliinama.

Bwana Stratoni akachota bakuli la kwanza. "Shujaa anywe kwanza! Na macho kilimani, jamani, hakika leo miungu itashuka kutupongeza."

Damoni akalipokea. Tangu juzi hajanywa tone. Akalipeleka mdomoni.

"Hodi," ikasema sauti njiani.

Babu mmoja na fimbo yake. Vumbi tupu. Miguu imevimba.

Kijiji kikageuka kumtazama. Damoni akalitazama bakuli. Akamtazama bibi yake. Damoni akalishusha lile bakuli. Akapiga magoti.

"Karibu, babu. Leta miguu."

Watu wakanong'onezana. "Ni yeye! Ni yule mungu, amejigeuza!" Stratoni akaanza kurekebisha shuka lake. Damoni akaosha kidole kwa kidole, bakuli likaisha. Yule babu akashukuru, akasimama, akapita juu ya mawe meupe.

Pa. Pa. Pa. Nyayo za maji, moja, mbili, tatu, kila mtu anaziona.

"Aa!" akasema Stratoni. "Kumbe mtu tu! Maji ya kwanza yamekwenda bure!"

Damoni akainuka, midomo imepasuka, uso unang'aa. Akasema, "Alikuwa amechoka." Kisha akamgeukia yule babu. "Una njaa, babu? Njoo ule. Jina utaniambia baadaye."

Bibi Vigae akageuka pembeni akajifuta macho kwa shuka lake. Miaka yote mtoto alikuwa akinung'unika, kumbe alikuwa anasikia.

Alipokufa Bibi Vigae, alikuwa mzee sana na ameshiba siku zake. Hawakumchongea sanamu. Kila nyumba iliweka mlangoni bakuli la maji, na chini ya bakuli kigae kimoja cha joka. Wenye kutazama juu waliendelea kutazama juu, na shingo ziliendelea kuwauma. Damoni na watoto wake walitazama mlangoni. Msaada ukitaka kuja, wanangu, hautakutumia habari na hautavaa dhahabu. Utakuja na visigino vilivyopasuka, useme hodi. Na hata mgeni huyo asipokuwa mungu, mpe maji, maana na yeye ametembea.

Hadithi yangu imeishia hapo. Niliiazima kwa bibi yangu, chombo kidogo tu. Leo naikabidhi kwenu, na siikabidhi tupu. Haya Mashavu, inuka, kuna mtu anapiga hodi.